Mtoto Anaweza Nini Akishikwa Mkono?

  

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linaloigusa kila nyumba yenye mtoto: binadamu hujifunzaje? Wataalamu wa saikolojia wameliuliza swali hili kwa zaidi ya miaka 130. Majibu yao yamebadilika mara nyingi, na kila jibu limeacha alama yake katika madarasa yetu, kwenye ubao, kwenye mtihani, hata kwenye fimbo ya mwalimu. Nataka tuifuate safari hiyo kidogo kidogo, kwa sababu mwisho wake una ujumbe kwetu wazazi na walimu. Tunawapima watoto wetu kwa swali pungufu. Tunauliza mtoto anajua nini leo, akiwa peke yake, kimya, na karatasi mbele yake. Mara chache sana tunauliza anaweza nini akisaidiwa kidogo.

Tuanzie Ujerumani, mwaka 1885. Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, kisha akapima kiasi anachokumbuka baada ya dakika, saa na siku. Akagundua kwamba kusahau huwa kwa haraka sana mwanzoni, kisha hupungua kasi. Akagundua pia kwamba kujifunza kwa vipindi vifupi vilivyotawanywa katika siku kadhaa hudumu kuliko kujifunza kwa mkupuo mmoja. Ugunduzi huu umejaribiwa tena na tena hadi leo, na bado umesimama. Kijana wa kidato cha nne anayekesha usiku mmoja wa kuamkia mtihani ajue kwamba sayansi haikuwa upande wake tangu siku nyingi.

Miaka 13 baadaye, 1898, Mmarekani Edward Thorndike alimfungia paka mwenye njaa ndani ya sanduku, akaweka chakula nje. Paka alihangaika, akaparura huku na huku, hadi akagusa kamba kwa bahati na mlango ukafunguka. Kila aliporudishwa sandukuni alitoka upesi zaidi. Thorndike akasema kujifunza ni kujaribu na kukosea, na kwamba kitendo kinacholeta faraja hurudiwa. Kule Urusi, Ivan Pavlov alikuwa ameona mbwa wakitokwa mate hata kabla ya kuona chakula, kwa kuwa wamezoea ishara inayokitangulia. Mwaka 1913 John Watson, Mmarekani mwingine, akatangaza kwamba saikolojia iache kabisa kuzungumzia yaliyomo akilini, ishughulike na vitendo vinavyoonekana. Baada yake akaja B. F. Skinner, ambaye kwa kutumia panya na njiwa alionyesha jinsi tuzo ndogo ndogo, zikitolewa kwa wakati wake, zinavyoweza kujenga tabia mpya hatua kwa hatua.

Usidhani mambo haya yako mbali nasi. Mtoto akijibu vizuri na mwalimu akasema, "Mpigieni makofi," hiyo ni kanuni ya Thorndike na Skinner ikifanya kazi. Darasa zima likiimba saba mara nane hamsini na sita, saba mara tisa sitini na tatu, hadi jibu litoke bila kufikiri, ni kanuni hiyo hiyo. Wala siidharau. Mtoto asiyekuwa na hesabu za kuzidisha kichwani hukwama njiani kila anapokutana na hesabu kubwa.

Lakini lipo jambo moja la Skinner ambalo wengi wetu hatukulisikia. Alipinga adhabu kama njia ya kufundishia. Alieleza kwamba adhabu huzuia tendo kwa muda tu, haimwonyeshi mtu la kufanya badala yake, na humfanya amkwepe anayeadhibu. Hapa kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko shuleni visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu. Nasema kwa moyo wangu wote: mtoto anayechapwa kwa sababu amekosa hesabu anajifunza jambo moja tu kwa uhakika, nalo ni kumwogopa mwalimu wa hesabu.

Basi, mafundisho haya ya tuzo na mazoea yalikuwa na nguvu, ila hayakuweza kueleza kila kitu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Wolfgang Köhler alikuwa kisiwani Tenerife akiwachunguza sokwe. Mmoja wao, aliyeitwa Sultan, alishindwa kuifikia ndizi kwa fimbo fupi. Baadaye akachukua fimbo mbili, akachomeka moja ndani ya nyingine, akaivuta ndizi. Hapakuwa na mtu aliyemzoesha kufanya hivyo kwa tuzo. Alikuwa ameona uhusiano wa vitu. Miaka mingi baadaye Edward Tolman akaonyesha kwamba hata panya anayezurura tu ndani ya vijia, bila kupewa chochote, huijua ramani ya mahali, na ujuzi huo hujitokeza siku chakula kinapowekwa. Kumbe mtu anaweza kuwa amejifunza bila sisi kuona dalili yoyote.

Mwaka 1961 Albert Bandura, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga sanamu kubwa la plastiki. Watoto wale walipoachwa na sanamu lile, nao walilipiga, tena kwa namna ile ile waliyoiona. Hawakuwa wamefundishwa wala kutuzwa. Walitazama tu.

Sisi wa Ugogo, mkoani Dodoma, tusilistaajabie hili, maana ngoma ya muheme tunajifunza hivyo hivyo. Mama zetu huibana ngoma kati ya mapaja na kuipiga huku wakiimba, na pembeni yao utaona binti mdogo amekaa, macho hayabanduki kwenye mikono ya mama. Baadaye unamkuta nyuma ya nyumba anapiga ndoo tupu, na mapigo yamekaa mahali pake. Funzo lake kwa mzazi ni kubwa. Mtoto anayekuona kila jioni ukimsema jirani anajifunza, na mtoto anayekuona umeshika kitabu, hata kama ni kile kimoja tu kilichopo nyumbani, naye anajifunza.

Sasa tuje kwa watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1896, mmoja Uswisi na mwingine katika Dola ya Urusi. Ndio walioyageuza mawazo ya ulimwengu kuhusu mtoto.

Wa kwanza ni Jean Piaget. Alisema mtoto hapokei maarifa tu, huyajenga mwenyewe kwa kushika, kupima na kugeuza vitu, na kwamba akili yake hupita hatua baada ya hatua. Chukua bilauri mbili zinazolingana, zijaze maji sawasawa, kisha maji ya bilauri moja uyamimine ndani ya chombo chembamba kirefu. Mtoto wa miaka minne au mitano atakwambia chombo kirefu kina maji mengi zaidi. Akifika miaka saba hivi anaanza kukwambia ni maji yale yale. Piaget aliyaheshimu makosa ya mtoto, akayaona kuwa dirisha la kuchungulia anavyofikiri. Mwalimu anayeuliza "Umepataje jibu hilo?" kabla ya kuweka alama ya kosa kwenye daftari anafuata nyayo zake.

Ila Piaget aliziona hatua hizo kana kwamba ni zile zile popote duniani. Mwaka 1969 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Meksiko kwa watoto wa wafinyanzi. Watoto hawa, waliokuwa wakishika udongo kila siku, walitambua mapema kuliko wenzao kwamba donge la udongo halipungui kwa kubadilishwa umbo. Kazi ya mikono ya nyumbani kwao ilikuwa imeisukuma mbele akili yao. Hapo ndipo tunapomhitaji yule wa pili.

Lev Vygotsky alifariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 37, na maandishi yake yalichelewa sana kuufikia ulimwengu. Alifundisha kwamba akili ya mtoto hukua kati ya watu, kwa lugha na kwa kazi ya pamoja. Alisema yako mambo ambayo mtoto anayaweza mwenyewe, na yako ambayo hayawezi kabisa. Katikati kuna mambo anayoyaweza akisaidiwa na mtu anayejua zaidi, awe mkubwa au mtoto mwenzake. Hapo katikati ndipo penye kujifunza. Anachoweza leo kwa msaada, kesho atakiweza mwenyewe.

Ukitaka kuliona hilo, mtazame bibi wa hapa Mvumi, Chamwino, mvua zikishashika, Januari au Februari, anapokwenda kuchuma mlenda na mjukuu wake. Mara za kwanza mjukuu anabeba kikapu na kutazama. Kisha anaambiwa achume naye, bibi akiwa karibu. Akichuma jani ambalo silo, bibi hamgombezi. Analitoa kikapuni, analiweka kando ya jani lenyewe, anamwambia atazame ncha zake, ashike shina, asugue vidoleni aone kama linateleza. Mara nyingine anamwachia akosee, wakifika nyumbani ndipo wanachambua pamoja. Misimu miwili mitatu ikipita, mtoto anakwenda na wenzake, na mdogo wake ndiye anayebeba kikapu. Bibi yule anapunguza msaada kadiri mtoto anavyopanda. Huyo ni mwalimu kamili, na alichokuwa akikifanya siku zote ndicho ambacho vyuo vikuu vimekuja kukiandikia vitabu.

Msikilizaji, nisikilize kwa makini hapa, maana nafika kwenye jambo lililofanyika katika nchi yetu. Wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko, pamoja na wenzao wakiwemo Watanzania, walifanya utafiti wilayani Bagamoyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliwapa zaidi ya watoto 350 wa shule za msingi majaribio ya kufikiri: kupanga vitu katika makundi, kutoa hitimisho kutokana na maelezo, na kukisia kitu kwa kuuliza maswali yasiyozidi 20. Mtihani wa kawaida ungeishia hapo. Watoto wangepewa alama, wakapangwa wa kwanza hadi wa mwisho, na kila mmoja akaenda na jina lake, huyu ana akili, yule hana.

Wao hawakuishia hapo. Waliwapa watoto mafunzo mafupi, ambayo yote pamoja hayakufika hata saa moja. Waliwaonyesha njia. Kwa mfano, katika kukisia, badala ya kutaja kitu kimoja kimoja, uliza swali litakaloondoa vingi kwa mpigo. Kisha wakawapima tena. Alama zilipanda kwa kiwango cha kuonekana, kuliko za kundi lililopimwa mara mbili bila kufundishwa. La kushtua zaidi ni kwamba nafasi ya mtoto katika jaribio la kwanza haikutabiri vizuri nafasi yake katika jaribio la pili. Wapo waliokuwa chini, na baada ya kuelekezwa muda mfupi, wakapanda juu.

Hebu lipime jambo hilo. Chini ya saa moja! Ni watoto wangapi wa vijijini mwetu wameambiwa hawana kichwa cha shule kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kuwapa saa hiyo moja?

Na wanasaikolojia hao walikuwa wameshafanya utafiti mwingine kwa majirani zetu wa Kenya, kijiji cha Usenge, karibu na Ziwa Victoria, uliochapishwa mwaka 2001. Waliwauliza watoto wa Kijaluo juu ya dawa za miti shamba: hii ya nini, inatumikaje, kiasi gani. Watoto walizijua nyingi, kwa kuwa maradhi yako karibu nao na dawa hizo ndizo msaada wa nyumbani. Walipolinganisha ujuzi huo na alama za majaribio ya aina ya shule, waliojua zaidi dawa hawakuwa wenye alama za juu. Katika baadhi ya majaribio walielekea kuwa na alama za chini. Muda na juhudi za mtoto vilikuwa vimekwenda upande mmoja, na kipimo kikaangalia upande mwingine.

Hapa Mvumi tunalifahamu hilo kwa namna yetu. Mnakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, ulioanza mwaka 1973. Makorongo yalikuwa yameila ardhi vibaya, na mwaka 1986 mifugo iliondolewa Mvumi ili majani na miti vipate kurudi. Fikiria nyumba iliyokuwa na kaka wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 5. Kaka alikuwa ameshajua rangi na tabia za kila ng'ombe, dalili za ugonjwa, majani ya kiangazi, mahali pa kufukua mchanga mtoni ili apate maji. Mdogo wake, ambaye zamu yake ya kwenda machungani ilikuwa bado, angeyapata wapi hayo? Ujuzi ule haukuandikwa kwenye daftari. Ulikaa ndani ya kazi, na kazi ilipohama, darasa nalo lilihama.

Wataalamu wa miaka ya karibuni wamelisisitiza sana jambo hili. Mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Liberia. Aliona mwanagenzi haanzi kwa kukata kitambaa, maana kitambaa kikikatwa vibaya ni hasara. Huanza na vifungo, upindo na kupiga pasi, kisha hushona, na kukata huja mwisho. Kila siku yumo katika kazi ya kweli, anaiona nguo nzima inavyozaliwa. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger wakaandika kwamba kujifunza ni kuingia taratibu katika jumuiya ya wanaojua.

Taifa letu nalo lilikuwa na fikra zake. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule tulizorithi zinamtenga mtoto na kijiji chake na kumfundisha kudharau ujuzi wa wazee wake. Mwaka 1971 alifika nchini Paulo Freire, Mbrazili aliyepinga ufundishaji unaomfanya mwanafunzi kuwa kama benki ya kuwekea maneno ya mwalimu. Na mwaka 1973 redio ilionyesha uwezo wake katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walijiunga katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kwa pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Walisikiliza, wakazungumza, wakatenda. Nadharia zote nilizozitaja leo zingeikubali kazi ile.

Tangu mwaka 2005 mitaala yetu imeelekezwa kwenye umahiri, yaani mwanafunzi aweze kufanya, asiishie kukariri. Maandishi ni mazuri. Lakini mtihani wa kupanga watoto kwa jibu la siku moja ungali unatawala, na darasa lenye watoto 80 au zaidi linamrudisha mwalimu kwenye kuimbisha. Najua mwalimu anayenisikiliza anasema, nitamshika mkono kila mtoto saa ngapi? Ni swali la haki. Vygotsky amekupa jibu moja: mtu anayejua zaidi anaweza kuwa mtoto mwenzake. Wapange watatu watatu, aliyeelewa aeleze, wewe pita ukisikiliza. Kama mtoto wa darasa la kwanza au la pili anamweleza mwenzake kwa Cigogo, mwache aeleze. Akishaelewa, Kiswahili chake kitapata kitu cha kukisema.

Jambo la pili, mwalimu, ukitoa jaribio, rudisha makosa darasani siku inayofuata, fundisha pale palipokwama, kisha toa jaribio jingine la aina ile ile. Andika alama zote mbili kwenye daftari lako. Mtoto aliyetoka 20 akafika 55 amekuonyesha uwezo mkubwa wa kujifunza, pengine kuliko aliyekaa kwenye 70 mara zote mbili.

Kwako mzazi, hata kama hukusoma, kazi yako ni nyepesi na ina uzito. Jioni mwambie mtoto afunge daftari akueleze walichosoma. Ebbinghaus ametuambia usahaulifu huanza upesi. Basi uuwahi siku ile ile, kisha muulize tena baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki. Akikwama, usimwambie kichwa chake kigumu. Muulize ni wapi alipoishia kuelewa, na umtafutie mtu wa kumsogeza kutoka hapo, awe dada yake, jirani, au mwalimu mwenyewe.

Na kwa wenye dhamana ya mitihani na shule zetu, ombi langu ni hili. Msiifunge milango ya mtoto kwa karatasi moja. Uthibitisho umetoka Bagamoyo, katika shule za msingi za vijijini kama hizi zetu, kwamba alama ya leo inasema machache mno juu ya kesho ya mtoto aliyefundishwa. Kila alama ya chini iwe ni amri kwetu ya kufundisha, isiwe hukumu juu ya mtoto.